Kukodi na kushea gari Ujerumani kwa leseni ya nyumbani: anza na hesabu ya miezi

Mtu kafika Hamburg au Frankfurt, ana leseni yake ya Tanzania au Kenya safi kabisa, kaendesha miaka kumi kwenye foleni za Ubungo au Thika Road, sasa anataka kwenda arusi ya ndugu Stuttgart na wenzake watatu na anauliza anaweza kukodi gari au hapana. Anaweza, ila kabla hujafungua apu yoyote chukua kalenda kwanza, maana huku kitu cha kwanza ni umeishi muda gani.

Kama umekuja kutembea tu, makazi yako yapo nyumbani, leseni yako inafanya kazi muda wote wa matembezi. Ukihamia, yaani umekuja kusoma, kazini au umefuata mwenza, ukajiandikisha makazi, unayo miezi 6 tu. Ukithibitisha kwamba hukai zaidi ya mwaka unaweza kuomba waiongeze mpaka 12, lakini lazima uombe, haijiongezi yenyewe. Miezi ikiisha leseni yako kwa hapa ni sawa na huna, hata kama kadi imeandikwa inaisha miaka mitatu mbele. Hapa ndo watu wengi wanaumia kwa sababu wanasoma tarehe ya kwenye kadi wanaridhika.

Na kuna hili la likizo ya Desemba, naomba mlisome mara mbili. Mtu anaishi huku tayari, anaenda nyumbani krismasi, anapata leseni fasta anarudi nayo. Leseni hiyo haitambuliki, kwa sababu siku ulipopewa makazi yako yalikuwa Ujerumani. Leseni inayokubalika ni uliyoipata ukiwa unaishi kwenu kweli.

Kuendesha bila leseni inayotambulika huku sio ya kumalizana na trafiki pembeni ya barabara, ni kosa la jinai, faini au kifungo mpaka mwaka 1, na mwenye gari aliyekuachia uendeshe naye ana kesi yake. Alafu bima. Ile thedi pati itamlipa uliyemgonga, ndio, ila kampuni inaweza kukugeukia wewe ikudai mpaka euro 5,000, na ile bima kubwa ya kulipia gari lenyewe wanaweza kukataa kabisa. Kijana mwenye kibali cha masomo hataki kesi ya jinai kwenye faili lake kwa ajili ya safari ya wikendi moja, jamani.

Tuseme miezi yako ipo. Karatasi za kubeba ni leseni halisi, pasi, kibali cha kuishi kama unacho, na juu yake leseni ya kimataifa, ile ya kijitabu, au tafsiri ya Kijerumani. Kijitabu unakipata AA, chama cha wenye magari cha kwenu, kabla hujasafiri, kwa hiyo aliyeko bado Dar au Nairobi akishughulikie huko huko. Ukishafika bila nacho, ADAC ambao ndo chama kikubwa cha wenye magari huku wanatafsiri leseni kwa malipo. Usiache leseni halisi nyumbani ukabeba kijitabu peke yake, kijitabu ni tafsiri tu, hakisimami chenyewe.

Kwenye kaunta kinachokwamisha wengi ni kadi ya benki. Makampuni mengi wanataka kadi ya kredit yenye jina la dereva mkuu, wanazuia dipoziti humo, na kadi ya kawaida ya benki wengine wanaikataa hata kama hela imo. Mimi nilishawahi kusimama kaunta na familia nzima na mabegi, booking nimelipa, nikaambiwa kadi hii haifai, gari likabaki pale tukatafuta treni. Tangu siku hiyo nasoma masharti ya malipo kabla ya bei. Angalia pia umri, chini ya 25 mara nyingi kuna ada ya ziada, na wengi wanataka leseni iwe na angalau mwaka mmoja. Na gia! Sisi tumezoea Vitz na IST za auto, huku gari la bei rahisi zaidi mara nyingi ni la manyuo, so kama klachi hujaikanyaga miaka mingi chagua auto na ulipe hiyo tofauti, usijifunzie kwenye barabara ya watu.

Neno la Kijerumani la kushika ni Selbstbeteiligung. Ni kiasi unachobeba wewe mwenyewe gari likiumia kabla bima haijaanza kulipa, inaweza kuwa euro mia kadhaa mpaka zaidi ya 1,000. Ukiona gari la bei ya kutupa angalia hiyo namba kwanza. Na hata ukiishusha mpaka sifuri soma kama matairi, vioo na chini ya gari vimo, mara nyingi vimeachwa nje, na ukijaza dizeli kwenye gari la petroli hapo ni juu yako.

Sasa kushea. Kuna gari za apu kama Miles zinazopaki mtaani, unafungua kwa simu, zingine zinahesabu kilomita zingine dakika, na kuna za kwenye vituo kama cambio na stadtmobil ambazo unazibuku kwa masaa. Ni nzuri sana kwa kubeba fanicha au kwenda kununua unga wa ugali duka la mbali. Wanahakiki leseni yako kwenye simu na leseni ya nje ya Ulaya wengi wanataka iende na kijitabu au tafsiri, jiandikishe wiki nzima kabla, sio asubuhi ya safari. Kinachonisumbua ni huu mtindo wa kuazimana akaunti, "bro nifungulie gari". Apu nyingi masharti yanakataza, na likitokea la kutokea jina ni la mwenye akaunti, bima inayumba na deni linamwangukia mtu ambaye hata hakuwepo. Undugu usiupime hivo.

Kwa safari ya watu wanne fanyeni hivi: mmoja akodi, atakayempokea usukani aandikwe kama dereva wa ziada na leseni yake aonyeshe, mlipie hiyo ada. Asiyeandikwa asiguse usukani hata kwa kusogeza gari sheli. Kabla ya kuondoka mkubaliane kwa meseji kwenye group ile Selbstbeteiligung mtagawana au itambebesha aliyekuwa anaendesha, maana baada ya mkwaruzo kila mtu anakuwa na kumbukumbu yake. Mafuta na hela ya kukodi gari gawaneni bila wasiwasi, ila ukianza kutoza watu zaidi ya gharama za safari inageuka biashara ya abiria inayohitaji kibali.

Barabarani wenzetu wa Bujumbura, Kigali na Goma wana unafuu, kulia wamezoea. Sisi wa kushoto hatari sio barabara kuu yenye magari, hatari ni asubuhi unapotoka maegesho mtaa mtupu, mkono unakwenda kushoto wenyewe. Kipilefti inazunguka kinyume na ya kwetu, na indiketa unawasha ukitoka, sio ukiingia. Makutano yasiyo na alama anayetoka kulia kwako ndo mwenye haki, hata kama katokea kwenye kichochoro. Ukikata kulia tazama baiskeli kwanza. Na kwenye autobahn foleni ikianza kusimama, wa laini ya kushoto kabisa wajibane kushoto, wengine wote kulia, katikati pabaki njia ya ambulance, usipofanya faini inaanzia euro 200.

Ukirudisha, piga picha kila upande, rimu, paa, dashibodi inayoonyesha mafuta na kilomita, hata kama umerudisha usiku na ufunguo umeutupia kwenye kisanduku. Risiti ya sheli itunze. Kama tochi, yaani kamera ya mwendo kasi, ilikumulika kampuni itatoa jina lako na kukukata ada ya usumbufu, barua ya faini inakuja wiki kadhaa baadae, hivyo jina lako liwe kwenye sanduku la barua la unapoishi. Kama aliyekuwa anaendesha ni yule dereva wa pili, ile barua ina fomu ya kumtaja, jaza urudishe ndani ya siku walizokupa, na ukishapata uamuzi rasmi wa faini una wiki 2 tu za kupinga.