Kuchambua seli kwa mwanga kwenye chipu: leza sio shida, shida ni maji

Wengi wakianza kuunda chipu ya kuchambua seli (kibao kidogo chenye mifereji myembamba, kinachotenga seli zinazong'aa na zile zisizong'aa) hela na akili yote inaishia kwenye leza, wakati leza ndo sehemu rahisi. Tafuta ya bluu ya nanomita 488, seli unazozitaka zipake rangi ya fluoresini, zitang'aa kijani kwenye nanomita 520 hivi, mbele ya kigunduzi weka kichungi kinachokata bluu na kupitisha kijani, basi.

Sasa maji. Seli zinatakiwa zipite moja moja, so sampuli iingize katikati ya mfereji (upana wa maikromita 50 unatosha, seli nyeupe ya damu ni kama 10 hadi 15) na pande zote mbili sukuma bafa safi (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) kwa kasi kubwa zaidi, anza na mara 5. Bafa inaibana sampuli mpaka inakuwa uzi mwembamba na kwa kuwa mfereji ni mdogo maji hayavurugiki, uzi unanyooka tu.

Kabla ya hapo suuza mfereji na albumini (aina ya protini) asilimia 1 seli zisigande ukutani, chuja sampuli, na toa viputo vyote vya hewa maana kiputo kimoja kinahamisha uzi wote na utakaa unailaumu leza bure. Ndani ya sirinji tia kasumaku kadogo ka kukoroga, la sivyo seli zinatuama.

Mbele ya leza mfereji unagawanyika njia mbili, ya taka na ya seli unazozitaka, na vali ndo inageuza seli iliyong'aa iende njia yako. Kwenye hiyo njia panda, njia ya taka ichonge pana kuliko ya seli unazozitaka, ili vali ikiwa imezimwa kila kitu kiende taka chenyewe.

Halafu muda wa kusubiri kati ya leza kuiona seli na vali kufunguka, hapa ndo watu wanakwama. Toka leza mpaka njia panda ikiwa milimita 2 na seli inakimbia milimita 20 kwa sekunde, vali ifunguke baada ya milisekunde 100. Ila hiyo kasi usiitoe kwenye hesabu ya pampu, pampu inakupa wastani na katikati ya mfereji maji yanakimbia kuliko wastani, hata karibu mara 2. Pitisha shanga za plastiki zinazong'aa, pima kwa video ya darubini.

Seli mbili zikifuatana karibu sana ziache zote ziende taka. Mwisho hesabu seli za njia zote mbili kwenye darubini, ukikuta za kijani nyingi kule taka badilisha ule muda milisekunde chache chache, leza usiiguse.