Jinsi ya kuuliza kama sheria ya dini imetoka kwa Mungu au kwa watu, ukiwa bado umekaa na ndugu zako

Baba alifariki msimu wa korosho ndo unaanza, kijijini kwetu huku upande wa Newala, na arobaini haijafika tukaitwa kikao cha ukoo. Mali yenyewe mikorosho 48 basi. Baba mdogo akasema dini haimpi mtoto wa kike shamba, watoto wa marehemu shangazi nao wakasema Mmakonde anarithiwa na mpwa wake, wakavutana wee, na sisi watatu, mama, dada yangu na mimi, tumekaa mkekani hakuna anayetuuliza kitu. Nilitaka kusema nikaogopa, maana kwetu ukiuliza unaonekana unabishana na Mungu. Naandika hii kwa yeyote atakayekalishwa kwenye mkeka kama ule.

Kwanza usibishie pale pale kikaoni. Shika maneno yalivyosemwa, yaandike hata kwenye simu, kwa sababu "dini imesema" ni maneno mapana sana na mtu akibanwa anayageuza. Mimi niliandika: mtoto wa kike hapati shamba. Halafu mfuate aliyesema akiwa peke yake, jioni akishatulia, umwamkie vizuri, umwambie baba naomba unifundishe, hilo la shamba lipo kwenye aya ya Kurani, lipo kwenye hadithi za Mtume, ni maneno ya wanazuoni, au ndo tulivyozoea huku kwetu? Hayo maswali manne ndo kazi yote, na ukiuliza kama mwanafunzi mzee hakasiriki, anaanza kufikiri. Baba mdogo alinyamaza muda mrefu akasema, nilisikia hivyo tangu kwa babu yako.

Pili soma mwenyewe, tafsiri za Kiswahili zipo. Nilifungua sura An-Nisaa, aya ya 7 inasema wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi, sasa hapo shamba limetolewa wapi? Aya ya 11 na 12 zinataja mafungu yenyewe, mke akiwa na watoto anapata moja ya nane, mabinti wakiwa peke yao bila kaka wanapata mbili ya tatu. Nikampelekea sheikh mmoja mtu mzima sana, akanisimulia kisa cha Saad bin Rabii aliyeuawa vita vya Uhud, mjane wake alimwendea Mtume na mabinti wawili akalalamika kwamba baba yao mdogo amechukua mali yote, na Mtume akamwambia yule baba mdogo awape mabinti mbili ya tatu, mama yao moja ya nane, kinachobaki ndo chake. Nililia pale pale barazani kwa sheikh. Mjane, mabinti wawili na baba mdogo, ni sisi kabisa.

Lakini usiishie kwenye kile kilichokufurahisha, hapa ndo wengi tunakosea. Nilimuuliza sheikh maswali yale yale manne kuhusu haki yangu mimi, naye hakuficha. Aya imesema mabinti wakiwa "zaidi ya wawili", kwa hiyo sisi wawili tunaingia kwa ile hadithi ya Saad na kwa ufahamu wa wanazuoni. Kinachobaki kwenda kwa ndugu wa kiume aliye karibu, hiyo nayo ni hadithi. Halafu akanipa mfano mwingine, mwanamke amekufa kaacha mume na dada zake wawili wa baba mmoja mama mmoja, mume ana nusu, dada wana mbili ya tatu, ukijumlisha inazidi mali yenyewe, ndo enzi za khalifa Umar wakaamua kila fungu lipunguzwe kwa kiasi chake, mali igawanywe saba badala ya sita, na Ibn Abbas, binamu yake Mtume, hakukubaliana nao. Hata imamu Shafii tunayemfuata pwani yote hii, aliyefariki mwaka 820, ana kauli zake za zamani za Iraq na kauli mpya alizotoa Misri. Kwa hiyo mkono wa binadamu umo ndani ya sheria, na kuujua siyo kukufuru, wenyewe wanazuoni waliuandika wazi.

Ndugu zangu Wakristo wa Masasi na Ndanda njia ni hiyo hiyo. Fungua 1 Wakorintho 7, Paulo mstari wa 10 anasema anaagiza lakini siyo yeye bali Bwana, mstari wa 12 anasema hili nasema mimi wala si Bwana, katenganisha mwenyewe! Upadri bila ndoa nao Kanisa Katoliki linauhesabu sheria ya Kanisa, ndo maana Makanisa Katoliki ya Mashariki, kama ya Ukraine na Lebanon, yanao mapadri wenye wake. Na jando ya Kikristo ya Waanglikana wa Masasi ilipangwa na watu wakati wa mmisionari Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa hapo mwaka 1926.

Mila nayo uitendee haki. Urithi wa mpwa ulikuwa na maana yake, ukoo unafuata upande wa mama, na hakuna ubaya mtu kuutetea kama mila. Ubaya ni kuuvisha kanzu.

Kuna atakayekuuliza, na hiyo aya yenyewe unajuaje ni ya Mungu? Ni swali halali, usimfukuze. Jiwe la mfalme Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, limechorwa mfalme amesimama mbele ya mungu wa jua, na lina sheria ya ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu pembe inayofanana sana na ile ya kitabu cha Kutoka 21 kwenye Biblia, kwa hiyo kusema sheria imetoka juu ni jambo la zamani mno. Hapo vitabu vinakufikisha mlangoni tu, mimi niliingia kwa imani na nasema hivyo bila kumlazimisha mtu. Ila hata asiyeamini kabisa anaweza kutumia yale maswali manne, na mtu akidai Mungu ndo kamnyima mjane ana wajibu wa kuonyesha wapi.

Mwisho rudi kikaoni na mtu mwenye elimu, siyo peke yako, na mkikubaliana muandike muhtasari watu wasaini, maana mahakama ya mwanzo watauhitaji kwenye mirathi. Sheikh alihesabu mbele ya wote, mama 6, sisi mabinti 32, baba mdogo 10. Watoto wa shangazi waliondoka kabla ya dua. Baba mdogo alibaki, kesho yake akaja na panga na rangi nyekundu, tukazunguka shamba naye mti kwa mti, yeye ndo aliyetutilia alama kwenye yetu.