Kupiga kengele siku ya kumbukumbu: maelekezo kwa wanaonipokea kamba

Vijana wawili wa kwaya wamekubali kunipokea kamba. Goti langu la kushoto limeshagoma kupanda ngazi za mnara, kama la baba lilivyogoma mwaka ule aliponikabidhi mimi. Yeye hakuandika kitu. Alinisimamisha nyuma yake Jumapili tatu, ya nne akakaa chini akaniangalia. Mimi naandika, maana nyinyi mnasahau upesi, na kila ikikaribia Krismasi kuna mtu wa kanisa jingine hapa Unguja ananipigia simu kuniuliza haya haya.

Kengele ya ibada haina mashaka, utaivuta dakika tano ukaingia kuimba. Kazi iko kwenye siku kubwa: jubilei ya kanisa, mkesha wa Mwaka Mpya, Mapinduzi, Muungano. Siku hizo watu wanasikiliza, na wengine wanahesabu.

Siku mbili kabla, pandeni juu mchana, jua likiwa kali. Hewa yetu ya bahari inakula chuma. Kengele yenyewe haina shida, ni shaba nyekundu sehemu nne kwa sehemu moja ya bati, itaota ukijani na kubaki nzima. Vinavyooza ni boliti, msumari wa ulimi (kile chuma cha ndani kinachogonga), na beringi zinazobeba mti wa juu. Shika ulimi kwa mkono uutikise: ukicheza upande upande badala ya mbele na nyuma tu, usipige, mwite fundi. Boriti zigongeni kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, mchwa wameshakula. Angalieni na nyigu. Mwaka mmoja niliteremka ngazi zile kwa haraka ambayo sitaisimulia hapa.

Kamba. Baba alitumia ya usumba, na viganja vyake vilikuwa kama magome ya mnazi. Usumba unakwaruza. Siku hizi natumia katani nene, na pale mkono unaposhika nimezungushia kipande cha khanga kuukuu nikakishona kwa uzi wa nyavu. Khanga hiyo ina kazi mbili. Inaokoa ngozi, na inakuonesha ulipo: ikishuka chini ya kiuno chako umevuta kupita kiasi. Kamwe usijizungushie kamba mkononi. Kengele yetu ina upana wa dhiraa na shibiri mdomoni, na ikishayumba haikujui wewe ni nani, itakunyanyua.

Sasa kuvuta. Simama miguu imeachana kidogo, kamba mbele ya pua. Vuta kwenda chini, wima, kwa mikono mirefu, halafu iachie ipande yenyewe kupitia viganjani. Mvuto wa kwanza hautatoa sauti, pengine hata wa pili. Msipaparike. Kengele ni kama pembea: ina mwendo wake, nawe unaongeza nguvu kidogo kila inaporudi. Ukitaka kuiharakisha utashindana nayo bure na mlio utatoka vipande vipande. Kusimamisha ni hivyo hivyo, unaibana kamba kidogo kidogo inapopanda, mara nne au tano, mpaka itulie.

Huko ni kuyumbisha, na ndiko kunakofaa kwa shangwe: harusi, Gloria ya Pasaka, saa sita usiku ya Mwaka Mpya. Kumbukumbu ya miaka inataka hesabu, na kengele inayoyumba haihesabiki vizuri, inagonga huku na huku. Kwa hesabu, iacheni kengele itulie kabisa, mtumie ile kamba nyembamba ya pembeni iliyofungwa kwenye ulimi.

Hapa nitasema polepole. Kamba ya ulimi inavutwa kwa mkato na kuachiwa PALE PALE. Ulimi uguse mdomo wa kengele urudi, kama unavyogusa sufuria iliyoko motoni. Ukiushikilia pale, sauti inakabwa, na mtetemo uliokosa pa kutokea unaitafuta kengele yenyewe. Naijua kengele moja, sitaitaja ya wapi, iliyopigwa hivyo jubilei nzima na vijana wenye bidii kuliko maarifa. Iliingia ufa mwembamba kama unywele. Leo ikilia utadhani mtu kaangusha sinia jikoni. Na wala si kwetu tu. Kengele kubwa ya London, Big Ben, ilipata ufa mwaka 1859, miezi michache tu baada ya kuanza kulia, kwa nyundo nzito kupita kiasi. Wakaigeuza ili igongwe pahala pengine, wakaweka nyundo nyepesi, na mpaka leo inalia na ufa wake.

Hukohuko Uingereza, kwenye minara yenye kengele sita, nane au zaidi, sikukuu hupigwa na kikosi kizima, kila mtu na kamba yake, wakibadilisha mpangilio wa kengele bila kuurudia hata mmoja. Kengele 7 zina mipangilio 5,040, na kuimaliza yote ni karibu saa tatu za kusimama. Sisi tuna kengele moja. Tunahesabu miaka.

Tarehe 5 Juni 2023 ilikuwa Jumatatu, ikitimia miaka 150 tangu Sultani Barghash atie saini mkataba uliofunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini lilikuwa pale ambapo Krismasi ya mwaka ule ule wa 1873 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu. Niliamua kupiga mapigo 150. Sasa fanyeni hesabu kabla ya kushika kamba: pigo moja kila sekunde tano ni dakika kumi na mbili na nusu. Sekunde tano mimi sizipimi kwa saa. Nasema kimoyomoyo "Bwana utuhurumie, Kristo utuhurumie, Bwana utuhurumie", kisha napiga. Mlio unapata nafasi ya kufa wenyewe.

Na msihesabu kichwani. Mimi nilijaribu zamani, kwenye jubilei fulani, nikapotea kwenye thelathini na kitu, nikapiga kwa kubahatisha, na mzee mmoja akanifuata mlangoni: "Bi, miwili umeiongeza." Sasa nina kete za bao. Mtu wa pili anakaa kitini na komwe kumi na tano kwenye paja la kulia. Kila mapigo kumi anahamisha moja kwenda kushoto. Asizungumze. Asiguse simu.

Siku ile mapigo 100 ya mwanzo niliyapiga kwa ngozi. Unachukua kipande cha soli ya kiatu cha zamani, unakifunga upande mmoja wa ulimi kwa utepe wa mpira wa baiskeli, umekaza hasa. Kengele ikiyumba, pigo moja linatoka wazi na la pili linatoka kwa mbali, kama linatoka chumba cha pili. Kwa kamba ya ulimi, geuzeni ngozi ielekee upande unaogonga, mtapata ule wa mbali peke yake. Baada ya mia nilisimama, kijana akapanda akaifungua, na hamsini za mwisho zikatoka wazi. Ndani ya mnara awe na pamba masikioni, na ashuke kabla hamjagusa kamba. Hilo halina mjadala.

Majirani ni nusu ya kazi. Mwambieni sheha wiki moja kabla, hasa mkipiga usiku, watu wasidhani kuna moto. Halafu nendeni kwa Maalim wa msikiti wa jirani, kwa miguu, si kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2024 miaka 60 ya Mapinduzi na miaka 60 ya Muungano zote ziliangukia Ijumaa, tarehe 12 Januari na 26 Aprili. Mapigo 60 ni dakika tano tu, lakini dakika tano karibu na swala ya Ijumaa ni utovu wa adabu. Tulipiga saa tatu asubuhi. Mwaka huo huo mkesha wa Pasaka uliingia ndani ya Ramadhani, na Gloria yetu ikagongana na tarawehe. Maalim akaniambia, "Bi mkubwa, nyie anzeni mkishatusikia tumetoa salamu." Padri akarefusha masomo kidogo, na baadhi yetu tukasinzia.

Upepo nao muujue. Januari ni kaskazi, sauti inakwenda kusini. Watu wa upande wa juu wakilalamika hawakusikia, si kosa lenu. Juni ni kusi, mambo yanageuka.

Wanaotaka kuweka spika na kengele ya kurekodi, wasubiri nife kwanza.

Mkimaliza, kamba mbili zikunjeni mzitundike kwenye ndoano ya juu, watoto wa skuli wasizifikie. Fungeni mlango. Ufunguo mpelekeeni muuza urojo wa ng'ambo ya njia. Kabla ya saa kumi alasiri hayupo, msimsumbue mumewe.