Kabla Hujaingia Wodini: Anatomia ya Kubeba Kidoleni

Karibu kila mwanafunzi wa udaktari anayejiandaa kuanza mafunzo ya wodini huwa na hofu hii: anatomia, yaani elimu ya muundo wa mwili, aliyokesha akiikariri miaka ya mwanzo imeyeyuka. Hofu hiyo ina msingi. Majina yaliyokaririwa kwa ajili ya mtihani huanza kupotea mtihani ukipita. Lakini usijaribu kurudia kitabu kizima kuanzia fuvu hadi unyayo. Andaa kwanza jibu la swali ambalo mgonjwa atakuuliza bila kutamka: hapo ulipoweka kidole, chini yake kuna nini?

Anza basi na mwili wako mwenyewe. Papasa kutoka chini ya koo ukishuka katikati ya kifua, utakuta kituta kidogo cha mfupa. Hapo ubavu wa 2 unaungana na kidari. Ukishakipata, mbavu zote zinahesabika: nafasi ya 5 kati ya mbavu, upande wa kushoto, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, ndipo ncha ya moyo inapodunda. Rudia mpaka kidole kiende chenyewe. Mgonjwa anayehema kwa shida hastahili kungoja ukijifunza kuhesabu juu ya kifua chake.

Kisha kila unachokisoma kiulize: kikiguswa vibaya, nini kitaharibika? Sindano ya kutoa maji kifuani hupita juu ya ubavu, si chini yake, kwa sababu vena na ateri (mishipa ya damu) na neva (mishipa ya fahamu) zimelala kwenye mfereji wa ukingo wa chini wa kila ubavu. Ile ya kutoa maji ya uti wa mgongo huingia kati ya pingili ya 3 na ya 4 ya kiuno, au ya 4 na ya 5, kwa kuwa kwa mtu mzima ugwe wa mgongo huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2. Kwa mtoto mchanga huishia chini zaidi, nawe utashuka zaidi. Ukiishika sababu, kanuni inakuja yenyewe.

Mimi neva ya radiali, ile inayowezesha kuinua kiganja, niliisoma mara tatu nikaisahau mara tatu. Halafu nikakutana na kijana aliyevunjika mfupa wa mkono wa juu, katikati kabisa. Nilimwomba anyooshe mkono mbele na kuinua kiganja. Kiganja kikabaki kimening'inia, naye akikitazama kana kwamba si chake. Neva hiyo huzunguka nyuma ya mfupa huo, imegusana nao kabisa. Tangu siku hiyo sijaifungulia kitabu. Kwa hiyo nenda na daftari dogo, na jioni, kabla hujafungua kitabu, chora kwa kumbukumbu sehemu moja ya mgonjwa mmoja uliyemwona. Ichore tena baada ya wiki, na tena baada ya mwezi.

Kila idara ina anatomia yake, isome usiku wa kuamkia siku ya kuingia humo. Upasuaji: elewa kwa nini maumivu ya kidole tumbo huanza kitovuni, yakahamia chini kulia pale utando wa ukuta wa tumbo unapoguswa na uvimbe. Uzazi: ureta, mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu, hupita chini ya ateri ya mfuko wa uzazi, na hapo ndipo inapoweza kukatwa au kufungwa kwa bahati mbaya mfuko unapoondolewa. Kwenye picha za CT, zile za eksirei zinazoonyesha mwili kama vipande vilivyokatwa, jizoeze kwamba unamtazama mgonjwa kutoka miguuni, hivyo kulia kwake kuko kushoto kwako.

Jambo la mwisho, nalo huachwa mara nyingi. Miili haifanani. Kidole tumbo cha huyu kimejificha nyuma ya utumbo mpana, cha yule kimening'inia nyongani, na ateri za ini zina njia nyingi kuliko mchoro mmoja. Mwili uliojifunzia kwenye chumba cha maiti ulikuwa wa mtu mmoja. Ukikuta kitu hukitambui, mwambie mkubwa wako kabla hajachoma au kukata, hata kama wote wamenyamaza.