Somo: Namna ya kufanya utafiti katika darasa la awali bila kurudi chuoni na daftari lisilo na data

Tangu muhula huu uanze nimeulizwa swali lile lile na watu zaidi ya ishirini: "Dada, nasoma ualimu wa elimu ya awali, natakiwa kufanya utafiti, nianzie wapi?" Nimeona niandike mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Ninazungumzia utafiti mdogo wa mwanafunzi wa stashahada au shahada ya kwanza, unaofanyika katika darasa la awali la shule ya msingi nchini Tanzania.

Hatua ya 1: Mada. "Changamoto za elimu ya awali nchini" si mada ya mtu mmoja mwenye wiki sita na nauli ya kuungaunga. "Watoto wa darasa hili huchagua kona ipi ya kujifunzia wanapoachiwa uhuru, na hukaa hapo kwa muda gani?" ni swali unaloweza kulijibu kwa macho yako mwenyewe.

Hatua ya 2: Soma mtaala wa elimu ya awali unaotumika, pamoja na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, kabla hujapanda basi.

Hatua ya 3: Barua. Barua ya chuo kwa kawaida hupita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Afisa Elimu, ndipo humfikia mwalimu mkuu. Toa nakala nyingi, anza mapema, na usitegemee Ijumaa mchana.

Hatua ya 4: Ridhaa. Ruhusa ya mwalimu mkuu inakuingiza shuleni tu. Ridhaa ya mzazi au mlezi unaitafuta mwenyewe. Walezi wengi ni bibi ambao hawatasoma karatasi yako ya kurasa mbili, kwa hiyo isome kwa sauti, kwa lugha wanayoielewa, mbele ya shahidi, kisha uchukue sahihi au dole gumba. Baada ya hapo kuna mtoto mwenyewe. Mwambie kwa maneno mepesi unachokuja kufanya, na umwonyeshe kwamba anaweza kuondoka. Mtoto anayegeuza uso, au anayeomba kwenda chooni mara tatu ndani ya dakika kumi, ameshakukatalia, nawe umwache. Majina yao yasiingie daftarini; wape namba.

Hatua ya 5: Ushuhudiaji, yaani kuwatazama watoto na kuandika unachokiona. Hapa ndipo mimi nilipoharibu, na ndiyo sababu hasa ya somo hili.

Nilikwenda katika shule moja ya kijijini mkoani Dodoma, darasa lenye watoto 74, mwalimu mmoja na mikeka mitatu. Siku ya kwanza nilipewa kiti cha mwalimu, nikakikalia. Kufikia saa nne watoto walikuwa wamenipangia foleni na madaftari yao wakitaka niwasahihishie, nami kwa kuona aibu nikasahihisha. Tangu hapo nilikuwa mwalimu wa pili: kila nilipokaribia kona ya kujengea, mchezo ulikatika na watoto wakafunga mikono kifuani. Kwa siku kumi na moja nilishuhudia watoto wanavyokaa mbele ya mwalimu, ilhali swali langu lilihusu michezo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Daftari langu lilijaa sentensi kama "Na. 7 ni mvivu na hana ushirikiano" na "Na. 12 ni mchangamfu sana". Msimamizi wangu alisoma kurasa nne, akafunga daftari na kuniuliza: "Na. 7 ulimwona akifanya nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilichoandika kilikuwa hukumu yangu, na kile nilichokiona nilikuwa nimekwisha kukisahau. Ilinibidi nirudi kijijini kwa nauli ya kukopa. Safari hii niliandika hivi: "Saa 3:10. Na. 7 amekaa pembeni ya mkeka, ameshika vizibo viwili, anawatazama watatu wanaojenga. Hajaitwa. Saa 3:14 anasukuma kizibo kimoja kuelekea kwa Na. 12." Wiki hiyo hiyo bibi yake alinieleza kwamba nyumbani wanazungumza Kigogo tu, na kwamba mtoto alikuwa bado anakisikilizia Kiswahili. Yule niliyemwita mvivu alikuwa na kazi kubwa kuliko wenzake wote.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda siku mbili tatu bila kuandika chochote, ukae chini, pembeni, mpaka watoto wakuchoke. Usikalie kiti cha mwalimu, usisahihishe daftari, usimtishe mtoto wala kumpa peremende. Gawa ukurasa sehemu mbili: kushoto nilichoona na kusikia, kulia ninachofikiri, upande wa kulia uujaze jioni. Usimfuate mtoto anayevutia macho peke yake, maana utarudi na habari za watoto watano wenye sauti kubwa. Tayarisha orodha ya namba, uichanganye, na umtazame kila mtoto dakika moja kabla ya kuhamia anayefuata. Mbinu hii ya dakika moja si yangu. Mildred Parten aliitumia nchini Marekani katika utafiti wake wa ushiriki wa watoto michezoni, uliochapishwa mwaka 1932, akapanga alichokiona katika aina sita: asiyeshughulika na chochote, anayetazama wenzake, anayecheza peke yake, anayecheza sambamba na mwenzake bila kushirikiana, anayecheza na wenzake bila lengo moja, na wanaocheza kwa kugawana kazi. Unaweza kuanzia hapo.

Onyo: dodoso lililokosewa unaweza kulichapisha upya, na barua iliyopotea unaweza kuiomba tena, lakini dakika ya mtoto ambayo hukuiandika hairudi. Andika nakala safi usiku ule ule.

Hatua ya 6: Mahojiano na watoto. Usimhoji mtoto mbele ya mwalimu wake, kwa kuwa atakujibu "ndiyo" mpaka jua lizame. Kaeni mahali wazi ambapo watu wazima wanawaona lakini hawawasikii. Usimuulize "unapenda shule?" Mpe kalamu za rangi, achore mahali anapopenda kucheza, kisha umwombe akueleze mchoro wake.

Hatua ya 7: Hesabu kwanza, eleza baadaye.

Hatua ya 8: Mrudishie mwalimu wa darasa ulichokipata, kwa mdomo, kabla ya chuo hakijakisoma.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Makambako: Dada, naomba unipe mada nzuri ya utafiti.

Jibu: Hatua ya 1. Ukishaisoma, niandikie jambo moja uliloliona darasani wakati wa mazoezi ya kufundisha ambalo hukulielewa, nasi tutaanzia hapo.

Kijana wa Makambako: Basi nitumie utafiti wako wote niutumie kama mfano.

Jibu: Hapana. Hapa mtandaoni nimekwisha kukutana na makosa yangu ya tahajia ndani ya tasnifu ya mtu mwingine.

Mama Awali: Nimeambiwa nitumie kanuni ya Yamane, ile ya kukokotoa idadi ya watu wa kuchunguza, kupata sampuli. Darasa langu lina watoto 60. Je, ni sahihi?

Jibu: Ikokotoe uone. Kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5, 60 ukiigawa kwa 1.15 (yaani 1 jumlisha 60 mara 0.05 mara 0.05) unapata 52. Maana yake utawatoa watoto wanane nje ili kuipendeza kanuni. Kanuni ile inasaidia kundi likiwa kubwa na ukitaka kulisemea lote kwa takwimu. Kwa ushuhudiaji wa kina, chagua watoto 12 hadi 15 kwa kura, wavulana na wasichana, kisha ueleze wazi sababu ya idadi hiyo. Msimamizi hukasirishwa zaidi na idadi isiyo na sababu kuliko idadi ndogo.

Mzalendo Halisi: Mtoto wa miaka mitano anajua nini kuhusu ridhaa? Sisi tulipitisha kwa sahihi ya mwalimu mkuu na tumehitimu. Msiwakatishe watu tamaa.

Jibu: Sikumkatisha mtu tamaa, na kuhitimu kwako hakubadilishi nilichoandika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kutoa maoni yake. Isitoshe, mtoto aliyelazimishwa hukupa data mbovu, kwa hiyo hata asiyejali haki anapaswa kujali daftari lake.

Mwanafunzi wa Kisumu: Huku Kenya tuna PP1 na PP2, madarasa mawili ya awali. Je, njia ya barua ni hiyo hiyo?

Jibu: Hapana. Kwenu kibali huombwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, kupitia mtandao, ukiwa na barua ya chuo na pendekezo lako la utafiti. Kwa kuwa elimu ya watoto wadogo iko chini ya serikali za kaunti, pitia pia ofisi ya elimu ya kaunti kabla ya kwenda shuleni. Kuanzia hatua ya 4 hatuna tofauti.

Binti Nzega: Dada, nimejaribu zile aina sita za Parten, zimenishinda mahali pamoja. Kuna msichana anakuja shuleni na mdogo wake mgongoni. Anasimama kando ya wanaocheza kupikapika, hachezi, lakini ndiye anayewaambia nani awe mama na chakula kimeiva. Nimweke wapi?

Jibu: Hili ndilo swali bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Usimlazimishe kuingia popote. Ukimwita "anayetazama" utafuta uongozi wake, na ukimwita mshiriki utaufuta mzigo alioubeba. Zile aina zilitoka kwa watoto wa shule za Marekani ambao hawakuja na wadogo zao. Ongeza safu ya saba, iite kwa maneno yako mwenyewe, kisha uhesabu ni mara ngapi inajitokeza na kwa watoto wangapi. Andika pia maneno yake kama alivyoyatamka, na utazame kinachotokea siku akija bila mdogo wake. Ukikubali, nitumie kurasa mbili nizisome.

Binti Nzega: Nashukuru sana, dada. Jumatatu alikuja peke yake, akacheza mpira tangu mwanzo hadi kengele.

Jibu: Uliandika saa?

Binti Nzega: Niliandika.

Mwalimu Mstaafu: Wanangu, niongeze jambo dogo. Mkirekodi sauti kwa simu chini ya paa la bati, mvua ikinyesha hamtasikia hata neno moja. Kuanzia Novemba, rekodini asubuhi, na penseli iwe karibu; wino wa baadhi ya kalamu huyeyuka karatasi ikilowa.

Jibu: Shikamoo mwalimu, na ahsante. La penseli nilikuwa sijaliandika. Nitaliongeza kwenye hatua ya 5.