Somo: Kuonyesha polima darasani kwa unga wa nepi, maji ya mvua na maji ya bahari

Mada ya polima, yaani molekuli ndefu mfano wa minyororo, katika kidato cha nne mara nyingi huishia ubaoni: monoma, yaani molekuli ndogo zinazounda minyororo hiyo, huchorwa, zikaunganishwa kwa mistari, na kengele ikalia. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwalimu wa Lamu ambaye pengine hana maabara iliyokamilika, lakini ana maji ya bahari hatua chache kutoka darasani. Onyesho la ute wa gundi na boraksi ndilo linalojulikana zaidi, ila kwa maoni yangu huwafurahisha wanafunzi kuliko linavyowafundisha.

Tayarisha nepi moja ya kutupa, bahasha kubwa ya karatasi, bilauri tatu zinazolingana, kijiko cha chai na chumvi ya kupikia, pamoja na maji ya mvua, ya kisima na ya bahari. Bahasha iwe ya karatasi kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na si vyema mwalimu aonekane nayo.

Hatua ya kwanza: zima feni, funga dirisha la upande wa upepo, na ufunike pua na mdomo, kwani unga huu huwasha macho na koo. Pasua nepi, tia pamba yake ndani ya bahasha, funga, kisha utikise mpaka punje nyeupe zikusanyike chini. Punje hizo ni polima iitwayo sodiamu poliakrileti.

Hatua ya pili: tia nusu kijiko cha punje katika kila bilauri, kisha mimina mililita 200 za maji ya mvua katika ya kwanza, ya kisima katika ya pili, na ya bahari katika ya tatu. Usiwaambie wanafunzi kitakachotokea. Waandike makisio yao kwanza.

Hatua ya tatu: subiri dakika chache. Katika bilauri ya mvua punje huvimba, uso wa maji hupoteza mng'ao wake, na ukiipindua bilauri juu chini hakidondoki kitu. Maji ya kisima hutegemea kisima chenyewe: kadiri yalivyo na chumvi, ndivyo rojo linavyokuwa jepesi. Katika bilauri ya bahari, rojo kidogo hutuama chini na maji yaliyobaki huendelea kuchezacheza.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha somo. Tia kijiko cha chumvi katika ile bilauri iliyoganda, ukoroge, na rojo litalegea na kuyaachia maji mbele ya macho yao.

Maelezo yake ni haya. Kila mnyororo umebeba makundi mengi yenye chaji hasi, na ioni za sodiamu, yaani atomu zenye chaji, zimo humo ndani. Maji huingia kwa osmosisi, yaani huvutwa kuelekea upande wenye ioni nyingi zaidi, huku chaji zikisukumana na kuikunjua minyororo. Ingekuwa minyororo imeachwa huru, ingeyeyuka tu majini, lakini imefungwa mmoja kwa mwingine mfano wa jarife lenye mafundo, basi hutanuka bila kuachana. Chumvi ikizidi nje, nguvu ya osmosisi hupungua na chaji hufunikwa. Maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, yana pia kalsiamu na magnesiamu, ambazo ioni yake moja huweza kushika makundi mawili kwa pamoja na kulikaza rojo zaidi.

Maswali ya walimu

*Assalaam aleykum, mwalimu. Wanafunzi wangu wameuliza kama jahazi la Flipflopi nalo ni polima ya namna hii.*

Waaleykum salaam. Ni polima, lakini si ya namna hii. Jahazi hilo, lililozinduliwa Lamu mwaka 2018, lilijengwa kwa plastiki iliyotumika, ikayeyushwa na kuumbwa upya kuwa mbao. Hilo linawezekana kwa sababu minyororo yake haikufungwa kwa mafundo. Rojo la nepi haliyeyuki kwa moto, huungua tu.

*Mwalimu, naweza kumjibu vipi mwanafunzi anayedai kuwa hakuna mnyororo wowote, ni molekuli ndogo zilizokusanyika tu?*

Mpongeze kwanza, kwa maana wanakemia wengi walishikilia hivyo hivyo. Hermann Staudinger alipotoa hoja ya molekuli ndefu mwaka 1920 alipingwa vikali, na Tuzo ya Nobel hakuipata hadi 1953.

*Rojo likibaki tulitupe wapi? Karo yetu imeshaziba mara moja.*

Kamwe lisimwagwe kwenye karo wala chooni, wala lisirudishwe baharini pamoja na maji yake. Litieni chumvi lisinyae, mlichuje kwa kitambaa, mlianike juani mpaka likauke, kisha mlitupe pamoja na taka ngumu.