Tangi la kwanza la samaki wa mapambo: samaki wanunuliwe mwisho

Simu ninazopigiwa kuhusu matangi ya samaki zinafanana. Tangi lina wiki moja na kitu, maji yanang'aa, samaki walikuwa wanakula vizuri mpaka juzi, na sasa wanakufa mmoja mmoja. "Maji masafi kabisa kaka, hata mimi nayanywa." Huwa najua jibu kabla sijauliza: samaki waliingia siku ileile tangi lilipojazwa. Majuzi nimemsaidia jirani yangu hapa Dar es Salaam kuanza upya kwa utaratibu, na haya ndiyo tuliyoyafanya. Ninazungumzia samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya bahari, wanaopenda joto. Wale wa baharini ni somo lingine, na mfuko mwingine.

Hatua ya 1: Tangi

Chukua sentimita 60 kwa 30 kwa 35, au kubwa zaidi ya hapo. Hilo linabeba lita 63 likijaa pomoni, yaani kilo 63 za maji peke yake, bado kioo, changarawe na mawe. Kimeza cha tivii hakiliwezi. Lile bakuli la duara linalouzwa na goldfish wawili ndani mwachie muuzaji. Maji machache huchafuka upesi, na goldfish mkubwa anataka nafasi kuliko sebule nyingi zinavyoweza kumpa.

Fundi vioo mzuri anakutengenezea kwa bei nafuu kuliko la dukani. Mwambie kioo cha milimita 6, na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, nayo ni sumu kwa samaki. Iache ikauke mpaka harufu ya siki iishe kabisa, kisha jaza maji ukiwa nje ya nyumba na uliache siku mbili uone kama linavuja. Chini yake tandika sponji nyembamba. Lisikae karibu na dirisha lenye jua, la sivyo utafuga ukijani.

Hatua ya 2: Vifaa

Filta ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa. Watu watakuonyesha filta za kuning'iniza na za ndani zenye mota, zina vikapu na makaa na mbwembwe zote. Kwa anayeanza mimi nasema sponji, na sibishani sana juu ya hilo: bei ndogo, haimezi vifaranga, haina cha kuharibika, na ndani yake wale bakteria wanaosafisha maji, nitakaowaeleza Hatua ya 4, wanakaa raha mustarehe.

Pampu ya hewa iwekwe juu zaidi ya usawa wa maji. Ikibidi ikae chini, weka kwenye mpira ile vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Umeme ukikatika usiku, maji hupanda kwenye mpira, yanaingia kwenye pampu, yanamwagika hadi sakafuni, na umeme ukirudi pampu imekufa. Vali yenyewe ni kitu cha bei ya soda. Waya nao ushuke chini kuliko soketi kabla haujapanda kwenda kuchomekwa, ili tone la maji likiufuata lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Hita: Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa usihangaike nayo, maji ya ndani ya nyumba yanakaa nyuzi 26 hadi 30 yenyewe. Arusha, Iringa, Mbeya au Nairobi ni lazima. Wati 100 zinatosha tangi hili. Nunua na kipimajoto.

Mwisho, seti ya vipimo vya maji vya matone, vya amonia, nitriti na nitrati (maana yake iko Hatua ya 4). Si vile vya vijikaratasi. Ni ghali, najua. Nunua kabla ya taa, kabla ya mapambo, kabla ya samaki.

Hatua ya 3: Maji

Osha changarawe mpaka maji yatoke safi, panga, jaza. Kokoto na makombe ya ufukweni yaache hukohuko ufukweni.

Maji ya bomba yana klorini. Yaweke kwenye ndoo wazi kutwa kucha, pampu ikipuliza hewa ndani yake, au tumia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji ya kisima hayana klorini, lakini sehemu nyingi za Dar yana chumvi. Yaonje. Yakiwa na chumvi kidogo, samaki aina ya molly na guppy watayafurahia, ila usije ukaota wale wasiopenda chumvi, kama neon tetra.

Hatua ya 4: Kulikomaza tangi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanaporuka.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua saa zote, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza nyingine. Amonia haina rangi, na kwa kiasi kinachoua samaki hutaisikia hata harufu. Maji kama kioo yanaweza kuwa sumu tupu. Wanaoiondoa ni bakteria wa makundi mawili. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu: inaharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na samaki anakuwa juu akihema wakati hewa imejaa majini. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Katika tangi jipya bakteria hao ni wachache mno, na wanazaliana polepole. Hesabu wiki nne hadi sita.

Kwa hiyo: washa filta, usiizime usiku wala mchana. Kila siku tia chakula cha samaki kidogo, kama vile samaki wamo. Kitaoza, kitatoa amonia, bakteria watapata cha kula. Watu wa nyumbani watakucheka unalisha maji. Waache wacheke.

Pima kila baada ya siku mbili na uandike kwenye karatasi uliyoibandika ubavuni mwa tangi. Amonia itapanda kwanza. Kisha itaanza kushuka na nitriti itapanda. Nitriti ndiyo inayokatisha tamaa, kwa sababu inakaa juu siku nyingi kuliko amonia na unaona kama mambo yamekwama. Mara nyingi hayajakwama. Halafu ghafla, ndani ya siku mbili tatu, inaporomoka hadi sifuri.

Sasa yanayoharibu hatua hii, maana mimi na jirani tumeyapitia karibu yote mezani pake.

Kusoma rangi. Kipimo cha amonia kinaanzia njano kwenda kijani, na chini ya taa ya LED ya sebuleni njano huonekana kijani kibichi hafifu. Nenda nayo dirishani mchana, shika kichupa mbele ya karatasi nyeupe, ndipo ulinganishe. Kwenye kipimo cha nitrati, ile chupa ya pili ina unga unaotulia chini. Itikise kwa nguvu nusu dakika nzima kabla ya kudondosha matone, na utikise tena kichupa chenyewe. Usipofanya hivyo utapata sifuri ya uongo na utadhani tangi halijaanza kufanya kazi.

Maji kuwa meupe kama yametiwa maziwa. Hutokea siku za mwanzo. Ni bakteria wengine, hawana madhara. Usimwage maji, usioshe chochote. Yatatakata yenyewe.

Kuosha sponji kwenye bomba. Klorini inaua hao hao unaowafuga. Sponji inakamuliwa ndani ya ndoo yenye maji ya tangi, basi.

"Maji ya zamani." Kuna wanaobeba dumu la maji kutoka tangi la rafiki wakiamini wanahamisha bakteria. Bakteria hawa wanang'ang'ania kwenye sponji, changarawe na kioo. Ndani ya maji yenyewe ni wachache sana. Kama una rafiki mwenye tangi la miezi kadhaa lisilo na ugonjwa, mwombe sponji yake kuukuu. Ibebe ikiwa imelowa, ndani ya mfuko wenye maji yake, ifike siku hiyohiyo, uitumbukize karibu na sponji yako. Njia hii inaweza kukupunguzia wiki kadhaa, na ndiyo ninayoipendelea kuliko chupa zote za "bakteria hai" zilizokaa juani kwenye kontena.

Umeme kukatika. Sponji isiyopitisha maji kwa saa nyingi inaishiwa oksijeni na bakteria wanaanza kufa. Ile pampu ndogo ya betri ya wavuvi inatosha kuvuka usiku mmoja. Maji ya joto yanabeba oksijeni pungufu, kwa hiyo sisi wa pwani hatuna nafasi ya kuzembea.

Na kama samaki wamo tayari? Badilisha robo hadi nusu ya maji kila siku kwa maji yasiyo na klorini, lisha kidogo siku moja na kuacha moja, na nitriti ikipanda tia chumvi ya kawaida, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20. Inazuia nitriti isiingie mwilini kwa urahisi. Usicheze na dawa za kubadilisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Ikipanda kutoka 7 hadi 8, amonia ileile inakuwa kali karibu mara kumi.

Umemaliza pale amonia na nitriti zinaposoma sifuri wiki nzima huku ukiendelea kutia chakula, na nitrati imepanda. Badilisha nusu ya maji. Sasa nenda dukani.

Hatua ya 5: Samaki

Guppy, platy au molly. Anza na watano au sita, ongeza wengine baada ya wiki mbili tatu. Ukichukua majike peke yao ili wasizaane bado watazaa, kwa sababu jike la guppy huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Ukichukua samaki aina ya betta, dume awe mmoja tu, maana madume hupigana. Yule "msafisha tangi" mwenye mdomo wa kunyonya, sentimita 5 dukani, anaweza kuvuka sentimita 30. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni wetu na wanapendeza, lakini ni wagomvi na wanataka tangi kubwa; wasubiri.

Acha mfuko wa samaki uelee juu ya maji dakika 15, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mchote samaki kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage chooni.

Guppy wakizidi, wape rafiki au muuzie mwenye duka. Usiwamwage mtaroni wala bwawani. Mabwawa yetu ya msimu yana samaki wake wadogo, kama yule wa Unguja anayeitwa Nothobranchius guentheri, ambaye mayai yake huvuka kiangazi ndani ya tope kavu. Hahitaji wageni.

Hatua ya 6: Kila wiki

Vuta robo ya maji kwa mpira, ukipitisha mdomo wake kwenye changarawe, rudisha yasiyo na klorini. Kujazia maji yaliyokauka si kubadilisha: maji hupaa, chumvi na nitrati zinabaki. Nitrati iwe chini ya miligramu 40 kwa lita. Taa iwake kwa muda wa saa nane kwa siku, inatosha.

Chakula ni kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Ukisafiri wiki moja, samaki wakubwa wenye afya watavumilia bila kula. Ukiona huruma, funga vipimo vya siku mbalimbali kwenye vipande vya karatasi, andika siku juu yake, mkabidhi dada wa kazi, na kopo la chakula lenyewe lifungie kabatini.